Mwenye Swali Asiachwe Peke Yake

Somo kwa makatekista, walimu wa Jumapili na wazee wa Kanisa

Soma kwanza: Ayubu 2:11-13 na 42:7-9, Yohana 20:24-29



Somo letu la safari hii limetoka katika kosa tulilolitenda sisi wenyewe, nasi tumeona ni heri kuliungama hapa kuliko kulificha, maana huenda hata katika mitaa mingine watumishi wamejikwaa mahali pale pale.

1. JAMBO LILILOTUPATA

Sisi watumishi wa mtaa huu, yaani padre, makatekista, na mama wawili wa Umoja wa Mama, tunayo desturi ya kukutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Twasali, twasoma Neno, twapanga zamu za makanisa ya vijijini, kisha twanywa chai. Katika kikao kimoja katekista mmoja, mtu mzima aliyefundisha wanafunzi wa ubatizo na kipaimara kwa miaka mingi, alituambia, "Ndugu zangu, nina jambo linanilemea."

Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa ameitwa katika nyumba ya Wakristo waliofiwa na mtoto mchanga wa siku sita. Mtoto alikuwa hajabatizwa. Katekista alijua ya kuwa Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, katika maagizo yake ya mazishi, hakiruhusu ibada ile isomwe juu ya mtu aliyekufa bila ubatizo. Basi alisali kwa maneno yake mwenyewe, sala fupi, na mtoto akazikwa. Alipokuwa anaaga, mama wa mtoto akamshika mkono akamwuliza, "Mwalimu, mwanangu yuko wapi?"

"Nilimjibu kwamba yuko kwa Mungu," katekista akatuambia. "Lakini tangu siku ile najiuliza kama nilisema kweli niliyoiamini, ama nilisema tu nipate kuondoka. Ninyi mwasemaje?"

Sasa sikieni tulivyofanya. Mmoja wetu alimtajia Yohana 3:5, habari ya kuzaliwa kwa maji na kwa Roho, kana kwamba jambo limekwisha. Wa pili alicheka kidogo akasema, "Mwalimu wa miaka yote hiyo, bado unauliza hayo?" Wa tatu alitazama saa. Tukafunga kwa sala. Na lililofuata lilikuwa baya zaidi. Kabla Jumapili haijafika, maneno yalikwisha kutoka katika chumba kile, na watu walikuwa wakisema kisimani ya kuwa fulani ana mashaka na imani.

Mwezi uliofuata katekista hakuja. Wa pili yake pia hakuja. Darasa lake aliendelea kulifundisha kama kawaida, wala hakumlaumu mtu. Ndipo tulipotambua ya kuwa ndugu yetu alituletea mzigo tumsaidie kuubeba, nasi tukamrudishia mgongoni.

2. RAFIKI WA AYUBU, NA RAFIKI WA TOMASO

Tukarudi kwenye Maandiko kutafuta jinsi rafiki wanavyopaswa kukaa na mwenye swali.

Rafiki watatu wa Ayubu walianza vizuri sana. Walitoka kila mtu mahali pake, wakapatana kwenda kumlilia na kumtuliza. Walipomwona hawakumtambua, wakapaza sauti, wakalia, wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Nani miongoni mwetu amepata kukaa na mwenzake namna hiyo? Lakini walipofumbua vinywa, wakaharibu. Tukichunguza hotuba zao tutaona kwamba mengi waliyoyasema yanafanana na yale tunayohubiri sisi: Mungu ni mwenye haki, mwovu hupatilizwa, mtu atubu. Kosa lao ni kwamba waliyatumia maneno hayo ili Ayubu anyamaze. Na mwisho wa kitabu Mungu akasema ya kuwa wao hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu, yule yule aliyeuliza na kulalamika. Tena ikawabidi wamwendee Ayubu ili awaombee.

Mfano wa pili ni Tomaso. Mara nyingi tunapohubiri habari zake twamtazama yeye tu. Safari hii tuwatazame wenzake. Wao walikwisha kumwona Bwana, na Tomaso aliwaambia wazi kwamba hatasadiki mpaka aone alama za misumari. Basi walikuwa na sababu ya kumtenga. Lakini Yohana atuambia kwamba baada ya siku nane wanafunzi walikuwamo ndani tena, na Tomaso pamoja nao. Juma zima waliendelea kukaa na mtu ambaye hakukubali ushuhuda wao, naye hakuondoka. Bwana alipokuja alimkuta katikati ya rafiki zake. Kama wangalimfukuza siku ya kwanza, angalikuwa wapi siku ya nane?

3. BASILI NA GREGORI

Mfano wa tatu twautoa katika historia ya Kanisa, zaidi ya miaka 1600 iliyopita, katika nchi ya Kapadokia. Jina hilo mwalijua: watu wa Kapadokia walikuwako Yerusalemu siku ya Pentekoste (Matendo 2:9), na Petro aliwaandikia Wakristo wa huko (1 Petro 1:1). Leo nchi hiyo ni sehemu ya Uturuki. Huko walizaliwa Basili na Gregori wa Nazianzo. Walisoma pamoja Athene wakiwa vijana, wakapendana, wakakusudia wote wawili kumtumikia Mungu. Kisha wote wakawa wachungaji. Basili alifanywa askofu wa Kaisaria ya Kapadokia mwaka 370.

Siku zile Kanisa lilikuwa na swali gumu. Baraza la Nikea la mwaka 325 lilikuwa limekiri kwamba Mwana ni Mungu kweli, wa asili moja na Baba. Lakini habari za Roho Mtakatifu, Baraza lilisema tu kwamba twamwamini, likaishia hapo. Basi wakatokea watu waliofundisha ya kuwa Roho ni kiumbe, mtumishi mkubwa kupita malaika labda, lakini si wa kuabudiwa. Tena Kaisari Valens aliwapendelea wapinzani wa Nikea, na maaskofu kadha wa kadha walikuwa wamefukuzwa katika viti vyao.

Katika hali hiyo Basili alichagua njia ya uangalifu. Alifundisha utukufu wa Roho, lakini hadharani alijizuia kutamka waziwazi kwamba Roho ni Mungu. Hakutaka kuwapoteza walio dhaifu, waliohitaji kuongozwa polepole. Wala hakutaka kuwapa adui zake neno la kumfukuzia.

Basi siku moja Gregori alikuwa karamuni pamoja na wageni wengine, nao wakawa wakimsifu Basili. Mtawa mmoja akainuka akawakemea. Alisema amemsikia Basili kwa masikio yake katika sikukuu ya shahidi mmoja huko Kaisaria, akihubiri vizuri sana juu ya Baba na Mwana, lakini alipofika kwa Roho alizunguka, kama mto unavyopita kando ya mwamba na kuchimba mchanga. Gregori alimtetea rafiki yake palepale. Alieleza ya kuwa yeye Gregori ni mtu asiyejulikana, aweza kusema lolote. Lakini Basili anaviziwa, naye akiondolewa Kanisa la mahali pale litapata hasara kubwa. Wageni hawakukubali. Waliona ni woga.

Gregori alifanya nini baada ya hapo? Hakwenda kuyasimulia kwingine. Alichukua kalamu akamwandikia Basili mwenyewe, akamweleza yote yaliyosemwa, kisha akamwomba amfundishe: tufike mpaka wapi katika kunena habari za Roho, na tutumie maneno gani?

Twaweza kudhani Basili alishukuru. La, aliumia. Alijibu ya kuwa wale waliomjua tangu zamani hawakupaswa kufadhaishwa na mchongezi mmoja. Tena akakumbusha jambo moja kubwa: kama wangalikuwa wakikutana mara kwa mara kama walivyoahidiana, wachongezi wasingalipata mlango wa kuingilia.

Na katika miaka hiyo hiyo liliwapata jambo lingine. Mwaka 372 Basili alimweka Gregori kuwa askofu wa Sasima, mji mdogo wa njia panda, penye vumbi na magomvi, kwa sababu ya mashindano ya mipaka ya jimbo. Gregori alichukizwa sana, na kidonda kile hakikupona upesi. Kwa hiyo tusidhani watakatifu hawa walikuwa malaika. Walikasirikiana kama sisi.

Lakini swali halikuachwa. Mwenzao mwingine, Amfilokio, askofu wa Ikonio, alimwuliza Basili mambo hayo hayo, na yapata mwaka 375 Basili akamwandikia kitabu kizima juu ya Roho Mtakatifu. Watu walikuwa wamemshutumu kwa sababu katika ibada alimtukuza Baba pamoja na Mwana na pamoja na Roho. Basi alijibu kwa njia ambayo hata mtoto wa darasa la ubatizo aweza kuifuata. Bwana alituagiza kubatiza kwa Jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu (Mathayo 28:19). Kama tulivyobatizwa, ndivyo tuaminivyo. Kama tuaminivyo, ndivyo tutukuzavyo. Kila tunapoimba utukufu mwishoni mwa zaburi tunatembea katika njia ile ile.

Basili alifariki mwaka 379. Mwaka 380 Gregori, akiwa Konstantinopoli, alihubiri wazi kwamba Roho ni Mungu. Mwaka 381 maaskofu walikutana katika mji huo, na Gregori mwenyewe akawaongoza kwa muda kabla ya kujiuzulu. Ungamo la imani linalohusishwa na Baraza hilo ndilo tulisemalo katika Ushirika Mtakatifu na kuliita la Nikea. Liangalieni vizuri. Juu ya Roho halikutumia lile neno wazi alilolitaka Gregori. Lilichukua njia ya Basili: likamkiri Roho kuwa ni Bwana, mwenye kutia uzima, aabudiwaye na kutukuzwa pamoja na Baba na Mwana. Na mtu akiisha kusema hayo, amekiri yote.

Baadaye Gregori alipotoa hotuba ya kumkumbuka rafiki yake, alifunua siri. Alisema ya kuwa Basili, walipokuwa wawili faraghani, alimkiri Roho kwa utimilifu bila kuficha kitu. Na ya kuwa alikuwa amemwachia yeye Gregori uhuru wa kuyanena waziwazi yale ambayo mwenye kiti asingaliweza kuyanena bila hatari. Katika hotuba hiyo hiyo hakuficha kwamba jambo la Sasima lilimwuma. Leo Kanisa la Uingereza huwakumbuka wote wawili siku moja, tarehe 2 Januari.

Lakini haifai tusimulie mazuri tu. Basili alikuwa na rafiki mwingine mkubwa, Eustathio wa Sebaste, aliyekuwa mwalimu wake katika maisha ya utawa. Mwaka 373 Eustathio alitia sahihi maneno ya imani waliyopatana, kisha akageuka. Urafiki ule ukafa juu ya swali hili hili. Basili alinyamaza muda mrefu kabla ya kumjibu hadharani. Basi kujadiliana kwa upendo hakuahidi kwamba wote watapatana mwishoni.

4. MAMBO TUNAYOJIFUNZA

Kwanza, tumtetee rafiki asiyekuwapo, kisha tumwulize akiwapo. Sisi tulifanya kinyume chake: usoni tulimchekea, na nyuma yake tukamsema.

Pili, swali lililotolewa ndani libaki ndani, mpaka mwenyewe aturuhusu kulitoa. Gregori aliyasikia maneno mazito akayapeleka kwa mtu mmoja tu, yule yaliyemhusu, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 18:15. Katekista akijua kwamba maneno yake yatafika kisimani, hatauliza tena, naye atafundisha mambo ambayo moyoni hayamtulii.

Tatu, kunyamaza si kukana. Yako mambo Kanisa linayoyakiri kwa sauti kuu, na yako mengine ambayo halikufunuliwa yote. Ni vizuri kuyatofautisha. Lakini tujihadhari, kwa maana kunyamaza kwaweza pia kuwa woga, kama wale wa karamuni walivyodhani. Tutajuaje? Basili alikuwa na mtu aliyemwambia yote. Mtumishi asiye na mtu hata mmoja wa kumwambia yote, kunyamaza kwake kuna hatari.

Nne, darasa la ubatizo si mahali pa kumwaga mashaka yetu. Wanafunzi wanahitaji maziwa (1 Wakorintho 3:2). Ndiyo sababu twahitaji mahali pengine, pamoja na wenzetu wa kazi, ambapo twaweza kusema, "Hapa sijui."

Tano, tukutane. Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Rafiki wa mara moja kwa mwaka hawezi kujua kama mwenzake ana shaka au ana uchovu tu. Mkutano wenye zamu na chai peke yake hautoshi. Wekeni muda wa kuulizana.

5. TUKIRUDI KWA SWALI LA MAMA YULE

Mwezi wa tatu tulikwenda nyumbani kwa katekista, wote. Aliyecheka aliomba radhi kwanza. Tuliketi chini ya mwembe wake, na kwa muda hakuna aliyesema. Kisha tukalichukua swali lake, safari hii bila haraka.

Padre alitueleza kwamba agizo lile la mazishi ni taratibu ya ibada. Halikuandikwa kuwa hukumu juu ya roho ya mtoto. Kitabu hicho hicho, mwishoni mwa ibada ya kubatiza watoto, chasema ni hakika kwa Neno la Mungu kwamba watoto waliobatizwa, wakifa kabla ya kutenda dhambi wenyewe, wameokoka. Juu ya wasiobatizwa hakisemi pale neno lolote. Chataja lililo hakika, na lingine chanyamaza.

Tukaendelea kutafuta. Mmoja akataja mnyang'anyi msalabani, aliyeahidiwa peponi naye hakupata nafasi ya kubatizwa (Luka 23:43). Mama mmoja akataja Daudi, ambaye mtoto wake mchanga alipokufa siku ya saba, aliinuka akasema ya kuwa yeye atamwendea mtoto, bali mtoto hatamrudia (2 Samweli 12:23). Mwingine akataja Yesu alivyochukizwa na wanafunzi waliowazuia watoto wasimwendee (Marko 10:14). Aliyetaja Yohana 3:5 hakuiacha aya yake, wala haikumpasa kuiacha: Bwana ametuamuru kubatiza, na tusiudharau ubatizo. Lakini alikubali ya kuwa amri ile tumepewa sisi ili tuitii. Hatukupewa tuifanye kamba ya kumfunga Mungu mikono.

Hatukufikia neno la kusema, "Twajua yote." Tulifikia neno ambalo katekista aliweza kulisema kwa dhamiri safi. Alirudi kwa mama yule, na padre na mama mmoja wa Umoja wakafuatana naye. Akamwambia, "Mama, siku ile nilikujibu haraka. Leo nakujibu polepole. Mwanao yuko mikononi mwa Yesu aliyewaita watoto, na mikono ile naiamini." Mama alilia. Kisha akawaambia jina walilokuwa wamekusudia kumpa mtoto siku ya ubatizo. Mpaka siku ile hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza. Padre akasali, akamtaja mtoto kwa jina lile mbele za Mungu.

Tangu hapo tumeazimia mambo mawili. La kwanza, kuwafundisha wazazi wasicheleweshe ubatizo. Tena mtoto akiwa hatarini na padre yuko mbali, Mkristo aliye karibu aweza kumbatiza kwa maji kwa Jina la Utatu, kisha ampashe padre habari. La pili, katika kila mkutano wetu, kabla ya chai, mwenyekiti auliza, "Nani ana jambo linalomlemea?" Miezi mingine hakuna anayesema. Mwezi uliopita katekista wetu ndiye aliyesema, na hakuna aliyetazama saa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Rafiki wa Ayubu walifanya vizuri mpaka wapi? Walianza kukosea wapi?
2. Je, yuko mtumishi katika mtaa wenu aliyeacha kuja mikutanoni? Nani atakwenda kumwona, na lini?
3. Ni swali gani la imani ambalo wewe hujapata kulisema mbele ya mtu? Huhitaji kulitaja leo. Mtafute mtu mmoja utakayemwambia.
4. Kusanyiko lenu liweke kanuni gani ili lililosemwa ndani lisitoke nje?

SALA

Ee Bwana Yesu, uliyemngoja Tomaso siku nane na kumkuta kati ya rafiki zake, utusamehe tulipowanyamazisha wenzetu kwa maneno yako matakatifu. Utupe masikio ya kusikia kabla ya kujibu, na midomo inayotunza siri. Uwatulize wazazi waliofiwa na watoto wao, na uwapokee watoto wao kwako. Roho wako Mtakatifu, aabudiwaye pamoja na Baba na wewe, atuongoze katika kweli yote. Amina.